Hata Duke Ananyang'anywa Leseni

Nimelipa kiingilio kuingia nyumbani kwa mtu. Nyumba yenyewe ni ngome ya Arundel, kusini mwa Uingereza, na mwenye nyumba ni Duke wa Norfolk, duke kikiwa ni cheo cha ukabaila cha kurithi. Ukiwaacha watu wa ukoo wa mfalme, huyo ndiye wa mbele kwa daraja kati ya maduke wote wa England. Watoto walikuwa wanalilia kuona ngome, mimi bei ya tiketi ilinitoa jasho, lakini tukaingia. Ndani kuna wazee wa kujitolea wanaowaelekeza wageni. Mmoja wao, bibi wa makamo ya mama yangu, akatueleza kwamba familia bado inaishi humo humo, na kwamba ukoo huu ndio unaopanga kutawazwa kwa wafalme na mazishi yao. Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile, bila hata kugeuka kuangalia nani anasikia, kuwa huyo duke wa sasa ndiye yule aliyefungiwa leseni ya udereva.

Nilicheka mpaka watoto wakaona aibu. Kisa nilikuwa nakijua, ila kukisikia kinasimuliwa sebuleni kwa mhusika mwenyewe ni raha nyingine kabisa.

Kwa ambao hawakukifuatilia: Aprili 2022 duke alipita taa nyekundu huku London, simu mkononi, polisi wakamwona. Leseni yake ilikuwa tayari na pointi za adhabu za mwendo kasi. Tarehe 19 Septemba mwaka huo akasimamia mazishi ya Malkia Elizabeth, shughuli iliyotazamwa dunia nzima, marais na wafalme wamepangwa viti na hakuna aliyepotea. Wiki moja baadaye yuko mbele ya mahakimu. Akajitetea kwamba ana kazi ya kumtawaza mfalme mpya, na bila gari kazi itakwama. Waandishi wa habari wakatolewa nje kwa muda ili aeleze mambo ya maandalizi ambayo ni siri ya usalama. Wakarudishwa ndani, hukumu ikasomwa: miezi 6 bila kuendesha, faini ya pauni 800. Mahakama ikaona mtu kama yeye anaweza kumudu kumlipa dereva.

Sasa nyie wenzangu mliopo nyumbani Tanzania, mfikirieni trafiki wa Chalinze. Basi, sina haja ya kuendelea. Kila mtu anajua ni simu ngapi zingepigwa, na huyo trafiki angehamishiwa wapi.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Umekaa kwa Wazungu kidogo tu, unaanza kutuona washamba." Subiri kwanza. Sijaja kusifia ukabaila. Nimesomeshwa na kodi za nchi iliyofuta uchifu mwaka 1963, na nimekua nikiimbishwa kuwapinga makabaila na mabepari kabla sijajua maana yao. Ninachosema ni kimoja: huku mwenye cheo cha sherehe amepewa kazi yenye mipaka, na kazi ikiisha anakaa chini.

Chukua kutawazwa kwa Mfalme Charles, 6 Mei 2023, Westminster Abbey. Tangu mwaka 1377, alipotawazwa Richard wa Pili, kumekuwa na baraza la kusikiliza madai ya watu wanaosema "mimi nina haki ya kufanya jambo fulani siku hiyo." Safari hii baraza halikukaa. Ilifunguliwa ofisi ya serikali, ukawa unapeleka maombi yako kwa maandishi na ushahidi wa babu zako, na yalipokelewa zaidi ya 200. Yaani bwana mkubwa, mwenye ngome na misitu, anajaza fomu kuomba abebe kitu. Na kitu chenyewe ni nini? Earl wa Loudoun, mkazi wa Australia, alivuka bahari zote hizo kuja kubeba kichuma kimoja cha dhahabu, kile cha kisiginoni cha kumchokolea farasi. Kimoja tu. Cha pili alikibeba Lord Hastings. Wakatembea nacho kanisani, wakakikabidhi, basi. Hakuna aliyeomba dakika mbili za kuwasalimia wananchi.

Au glavu. Mfalme anapokabidhiwa fimbo ya enzi huvishwa glavu mkono wa kulia, na kwa karne nyingi haki ya kuitoa ilikwenda na umiliki wa shamba la Worksop. Mwaka 1953, alipotawazwa Elizabeth, ikabainika shamba lile limeandikishwa kwa jina la kampuni. Baraza likakataa, haki ya namna hiyo haitekelezwi na kampuni, na glavu akapewa mtu mwingine ailete. Mwaka 2023 aliyeileta ni Lord Singh, Kalasinga mwenye kilemba chake kichwani, mzaliwa wa Rawalpindi. Lord Kamall, Mwislamu, alileta bangili za dhahabu. Baroness Benjamin, mzaliwa wa Trinidad, alibeba fimbo yenye njiwa. Hawa hawakurithi chochote, ni watu walioteuliwa kuingia Bunge la Malodi, lile bunge la juu la huku, kwa kazi zao. Ndani ya miaka 70 kazi ya kabaila wa Worksop imefika kwa mwana wa wahamiaji, na shughuli haikuharibika.

Lakini aliyenimaliza ni Penny Mordaunt. Huyu alikuwa mwanasiasa tu, waziri, hana ukabaila wowote. Kwa sababu ya cheo chake cha wakati ule alipangiwa kubeba upanga wa dola, wenye uzito wa zaidi ya kilo 3, wima, mikono mbele ya kifua, kwa karibu saa nzima. Baadaye akasema alimeza dawa za maumivu kabla hajaanza. Ndugu zangu, kwetu kiongozi habebi hata simu yake. Kuna kijana wa mkoba, kuna kijana wa mwavuli, kuna kijana wa kuvuta kiti, na ninaamini kuna mahali amekwishateuliwa kijana wa kumfukuzia nzi. Cheo kinapimwa kwa idadi ya vitu ambavyo hubebi.

Na shughuli zetu mnazijua. Uzinduzi wa madarasa mawili, ratiba inasema saa nne. Watoto wamepangwa juani tangu saa mbili na nyimbo zao. Mgeni rasmi anaingia saa nane na king'ora. Kisha inaanza ile salamu ya kutaja mmoja mmoja, kuanzia mgeni rasmi hadi mjumbe wa nyumba kumi wa zamani, robo saa imekwenda, ndipo msemaji anasema itifaki imezingatiwa. Anayefuata kwenye kipaza sauti anaanza upya. Mwalimu aliyefyatua matofali na wanafunzi wake yuko nyuma ya tenti anahesabu soda.

Haya, hoja ya pili naisikia inakuja: "Kwa hiyo wakoloni ndio mabingwa wa nidhamu?" Hapana jamani. Someni historia yao, mtafurahi. Mwaka 1661, Charles wa Pili alipotawazwa, watumishi wa mfalme walipigana hadharani na wawakilishi wa bandari za kusini wakigombea chandalua alichofunikwa nacho mfalme, watu wakaburuzana ukumbini. Mwaka 1761 upanga wa dola ulisahauliwa, ikabidi kuazima wa meya wa London. Mfalme George wa Tatu alipolalamika, bwana aliyekuwa anasimamia akamjibu kwamba ni kweli kulikuwa na uzembe, ila amehakikisha kutawazwa kutakakofuata kutapangwa vizuri kabisa. Anamwambia hivyo mfalme mwenyewe! Mwaka 1838 Lord Rolle, mzee wa zaidi ya miaka 80, aliviringika ngazini akienda kumpa heshima Malkia Victoria, na binti wa watu akainuka kitini akamfuata chini. Mwaka 1937 kabaila aliyepewa kazi ya kumfunga mfalme mkanda wa upanga mikono ilimtetemeka, George wa Sita akajifunga mwenyewe.

Na karamu ya 1821, ya George wa Nne! Hiyo ndiyo ya mwisho ambayo Mtetezi wa Mfalme aliingia ukumbini amepanda farasi, amevaa mavazi ya chuma, akatupa glavu sakafuni kumwita yeyote anayepinga mfalme waje wapigane. Kazi hiyo ni ya ukoo wa Dymoke wa Lincolnshire tangu enzi na enzi. Farasi walimkodi kwenye sarakasi, maana ilitakiwa mnyama aliyezoea makelele. Mfalme alipoondoka tu, waalikwa wakavamia meza, chakula na vyombo. Kwa hiyo mambo ya kufunga pilau kwenye mifuko hatukuyaanza sisi.

Mwaka 1831 karamu ikafutwa kwa ajili ya gharama, na Mtetezi akabaki bila farasi. Unajua ukoo ulifanya nini? Uliendelea kuja. Mwaka 2023 Dymoke wa sasa, mkulima, aliomba nafasi yake kwenye ile ofisi, akapewa bendera ya kubeba. Hakudai farasi. Wamepunguziwa kazi mpaka imebaki kitambaa na mti, na bado wanaifanya kwa adabu.

Hapo ndipo roho yangu inapouma, kwa sababu adabu hiyo sisi tulikuwa nayo. Mimi ni mtu wa pwani. Siwa ya Pate, lile baragumu la pembe za ndovu, iko makumbusho ya Lamu pamoja na mwenzake ya shaba, na siwa haikuwa tarumbeta ya kupigiwa kila aliyevaa kanzu mpya. Ilikuwa na wenye haki ya kupigiwa, na siku zake. Unguja Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji, alikuwa na ngoma zake na siwa yake kule Dunga. Waganda wenzetu waliporudisha Ukabaka mwaka 1993 pale Buddo, koo zilikumbuka nani anafanya nini ingawa kiti kilikaa kitupu zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo msiniambie mambo haya ni ya Wazungu. Mwafrika alijua kugawa heshima kwa kazi kabla hajaletewa maikrofoni.

Tulichofanya sisi baada ya 1963 ni kuwaondoa watemi na kuuacha utemi. Tukauhamishia ofisini, na mle hauna mila ya kuubana, hauna wazee wa kuukemea, hauna hata ngoma ya kuutangulia. Una gari tu.

Mwenye hoja ya gharama namkubalia mapema, asijichoshe. Serikali ilitumia pauni milioni 72 siku ile, wakati kuna watu huku wanapanga foleni kupewa unga na maharage ya msaada. Asubuhi ile ile polisi walimkamata kiongozi wa kundi la wapinga ufalme kabla hajainua hata bango lake, baadaye ndiyo wakaeleza masikitiko. Nililipinga hilo kwa sauti kazini kwangu, na hakuna aliyeniambia nirudi kwetu. Mmoja tu ndiye alinuna.

Na wewe unayesema urithi wa vyeo ni dhuluma, tuko pamoja. Mwaka 1999 walifukuza wengi wa warithi katika Bunge la Malodi, wakabakiza 92, Duke wa Norfolk akiwemo kwa sababu ya kazi yake ya sherehe. Mwaka 2024 serikali ikapeleka muswada wa kuwaondoa na hao waliobaki. Hiyo kazi ya sherehe muswada haukuigusa: kupanga kutawazwa na mazishi ataendelea kupanga, asipige kura tu. Jaribu kumwambia mheshimiwa wa kwetu kwamba tunakuachia utepe na mkasi, ila kwenye maamuzi usiingie. Atakuuliza kama unataka kuleta uchochezi.

Mtaniambia nisikosoe nikiwa mbali, nije nifanye. Nafanya. Shule niliyosoma inafunga matanki ya maji, na sisi tuliotoka pale tumechanga. Nimeiandikia kamati kwamba mchango wangu usiguse tenti, wala maua ya meza kuu, na kwamba mkasi apewe mama anayewapikia watoto uji, akate utepe, maji yafunguliwe, watu waende nyumbani. Mwenyekiti amenijibu kwa heshima zote kuwa wazo ni zuri, limepokelewa, ila mgeni rasmi ameshathibitisha kufika na tenti imeshalipiwa. Ameniuliza kama ningependa jina langu litajwe kwenye itifaki.

Nimemwambia litajwe.