Pasi yangu kizimbani

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi shati langu jeupe lilikuwa limenyooka mkono mmoja. Wa kulia. Wa kushoto bado unafanana na njia ya kwetu wakati wa masika. Hapo ndipo taa ilipozima, feni ikazunguka mara tatu za kuaga, ikasimama. Elfu kumi ya juzi hiyo! Uniti 28 na punje, vyumba sita, siku mbili na nusu.

Nikajua leo nina kesi.

Ukikaa nyumba ya mita moja, utaratibu unaujua. Umeme ukiisha anasakwa mwenye pasi. Friji la barafu la Mama Shufaa halina hatia, lile linatafuta riziki. Sabufa ya kijana wa uani "ni sauti tu." Mimi ninayenyoosha shati moja kwa siku ndiye mla umeme wa ukoo.

Kabla sijapiga mswaki kikao kimeshakaa barazani. Mzee wa chumba cha mbele kajipa uenyekiti na msuli wake, na fundi umeme wa nyumba ya pili kaitwa na mita yake ya njano ya mkononi, ile ya kupimia vifaa. Nikasimama. Kidato cha nne nilipata C ya fizikia, na C ile haijawahi kunisaidia popote, nikasema leo ndiyo siku yake.

"Ndugu wapangaji, umeme hauhukumiwi kwa kunyoosheana vidole. Chukua volti, zidisha kwa ampia, unapata wati. Chukua volti, gawa kwa ampia, unapata ukinzani. Kifaa chenye ukinzani mkubwa kinapitisha umeme kidogo. Pimeni!"

"Sisi tunaongelea uniti, wewe unaleta volti," akasema Mama Shufaa. "Mwisho utaleta na lita."

Fundi akagusisha zile sindano zake mbili kwenye meno ya plagi ya pasi yangu. Kioo kikaandika 1, pembeni kabisa, kikanyamaza. Nikaruka. Mwenye C anajua maana yake: ukinzani umepita kipimo, hakuna njia. "Mnaona? Umeme haupiti! Pasi hii haili kitu!" Watoto wakapiga makofi. Mzee akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kaka," fundi akauliza taratibu, "umeiwasha?"

Kile kitufe cha kuzungusha kilikuwa kwenye sifuri. Akakizungusha, tik. Kioo kikasoma 44, yaani ukinzani wa ohm 44.

Sasa hapa nilipaswa kunyamaza. Hakuna aliyeniomba hesabu. Namba 44 pale barazani haikuwa na maana kwa yeyote, kikao kingekufa, kila mtu angekwenda kunywa chai. Lakini fizikia ni kama mafua, ikikushika huizuii. Nikaokota kipande cha mkaa nikaandika ukutani: soketi volti 230. Gawa kwa 44, ampia 5.2. Ukitaka wati moja kwa moja, zidisha 230 kwa 230 upate 52,900, gawa kwa 44, inakuja wati 1,202. Nikapiga mstari chini kwa madaha.

Mama Shufaa akaigeuza pasi, akasoma kibandiko. "Hapa wameandika 1,000."

Kimya.

"Kumbe inakula na ya wizi," akasema mzee.

Nikajitetea. Nikaeleza kuwa pasi haili mfululizo, ikishapata moto inajikata, ikipoa inawaka tena, angalieni kile kitaa chake chekundu. Kitaa gani, na umeme umeisha? Nikamkumbusha fundi kwamba jioni moja, saa ya kila mtu kupika, alipima soketi hiyohiyo akakuta volti 170. Volti zikishuka ampia nazo zinashuka, unakatwa mara mbili: 170 mara 170 gawa kwa 44, wati 657. Volti zimepungua robo tu, moto umepungua karibu nusu. "Basi nikinyoosha jioni nitozwe nusu!"

"Jioni si utanyoosha mara mbili?" akajibu Mama Shufaa, ambaye hakusoma fizikia popote.

Huyo Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyeitoa kanuni hii ya volti, ampia na ukinzani mwaka 1827, naye wenzake walimpokea baridi mwanzoni. Lakini hawakumtoza elfu tatu. Mimi nimetozwa elfu tatu! Na kuna chumba, sikitaji, kila Jumapili kinanukia maharage na mlangoni hakuna mkaa wala mtungi wa gesi. Jiko la koili la wati 1,000 kwa saa mbili ni uniti 2 kamili, halina cha kujikata wala nini. Nilipomwomba fundi akapime huko, akakumbuka ana kazi Mbagala.

Nikaondoka na shati langu. Konda akaniuliza kama mkono mmoja nimelalia. Kazini nimekaa na koti mpaka saa kumi, jasho linatiririka, bosi akaniuliza kama nina malaria.

Bibi yangu alikuwa na pasi ya mkaa, ile yenye jogoo mbele wa kufungia mfuniko. Unaipuliza, unaipepea, unaifuta kwenye jani la mgomba, unaanza. Haina volti wala kikao. Tatizo lake cheche, ikidondoka moja shati linapata tundu pale pale panapoonekana. Ila nguo ilinyooka, hadi kola ilikuwa inakata shingo. Nasikia Mama Shufaa anayo moja chini ya kitanda, jogoo kavunjika kichwa lakini mfuniko bado unafunga. Sasa namwombaje?