Dakika Kumi, Abiria!

Asubuhi hii, hata chai sijanywa, nimepata meseji kutoka kwa kampuni ya basi. Eti nipime huduma yao, moja hadi tano. Habari ya kuku hawakuuliza. Basi nitawaambia nyinyi.

Mimi ni mtu wa jiko. Pilau la nyumbani kwangu napika mwenyewe, viungo natwanga mwenyewe, na mashemeji wakija hawamuulizi dada yao, wanauliza sufuria. Kwa hiyo ikifika Desemba, plamu nazifuata Lushoto. Plamu za Kariakoo zimeshasafiri, zimeshakaliwa, zimeshakata tamaa.

Safari yenyewe mnaijua. Stendi ya Magufuli pale Mbezi, alfajiri, begi lako liko mkononi mwa mpiga debe usiyemjua. Siti ya dirishani uliyokata ina mama, mtoto na ndoo. Segera unanunua machungwa ya Muheza kupitia dirishani, basi linaondoka na chenji yako inabaki inakukimbilia nyuma, halafu inachoka.

Ndipo tukafika Korogwe. "Dakika kumi, abiria! Chakula na kuchimba dawa!"

Dakika kumi kwa vyote viwili. Nikachagua chakula.

Kaunta palikuwa na kijana asiyenyanyua uso. "Unakula nini, mzee?"

"Kuna nini, mwanangu?"

"Kila kitu."

Nikalipia wali kuku, nikapewa kikaratasi, nikaenda dirisha la chakula. Dada akakisoma kama hati ya kiwanja. "Kuku ameisha."

"Nimemlipia sasa hivi."

"Kule analipiwa. Huku ameisha."

Nikarudishwa kaunta nikabadilishiwe. Wakati huo basi jingine limeshamwaga watu, foleni imefika mlangoni. Nilipofika mbele, kijana akaniambia pesa ikishaingia haitoki, nichukue nyama, niongeze buku.

"Kijana," nikamwambia, kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, "ubaoni hapo nyama na kuku bei moja. Buku ya nini?"

"Hiyo ni ya kukaanga."

"Na ya mchuzi?"

"Imeisha."

Nikaongeza buku. Wali ukaja unatoa moshi. Jamani, nimeshinda jikoni umri huu wote, sijapata kuona wali unaoendelea kuchemka ukiwa sahanini! Hauliwi kwa mkono, hauliwi kwa kijiko, unautazama tu. Nyama nayo ilikuwa na msimamo wake. Nimeegemea meza nipulize tonge la kwanza, honi hiyo. Paaa! Watu wakaruka. Bibi mmoja akaondoka na kijiko cha hoteli.

Nikaomba mfuko nifungiwe. "Mzee, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019."

"Najua, mama. Kitu chochote basi."

"Foili ipo. Mia tano."

Natafuta mia tano mfukoni, pazia la chumba cha ndani likapeperushwa na feni. Nani yuko ndani? Dereva wetu! Ameketi, miguu ameinyoosha, mbele yake paja, kidari, kachumbari na soda baridi. Kumbe kuku hakuisha, alipanda cheo! Na kama dereva yuko hapa anachokonoa mfupa, kule honi anapiga nani, na tunakimbilia wapi? Nikauliza kwa sauti. Labda kubwa kidogo. Sawa, nilipiga kelele, mimi baba wa watu, katikati ya hoteli, foili mkononi. Hakuna aliyegeuka, wote walikuwa wanakimbia.

Tukakaa kwenye basi, injini inanguruma, mpaka bwana mkubwa alipokuja polepole na kijiti cha meno mdomoni. Konda akatutazama sisi. "Abiria mnatuchelewesha."

Plamu nilizipata. Juu ya ndoo zilikuwa nyekundu hivi, chini za kijani, ngumu kama gololi, lakini hilo ni jambo la kawaida, hata nyanya za Dar zinauzwa hivyo. Afadhali ndoo. Kuna mgahawa hapa mjini menyu yake iko kwenye simu, simu yako, bando lako, na ukishaifungua unaambiwa samaki hakuna.

Sasa msimu wa embe nao umekolea. Miezi yote unaliomba embe dodo sokoni kama mkopo, halafu mti wa kila jirani unaivisha siku moja. Hakuna anayekubali zawadi tena. Nimekausha, nimepika achari, nimetengeneza juisi mpaka watoto wanaomba maji. Juzi nikakuta kiroba cha embe mlangoni, aliyekileta hajulikani. Usiku nikakihamishia nyumba ya tatu, kimya kimya. Leo kimerudi, na kimejaa zaidi.