Ile haikuwa ruzuku, ilikuwa fidia ya mgawo
Kuna makala inayosema serikali ya Marekani ilimwaga kodi za wananchi kama ruzuku kwa wakulima wa tumbaku wa kaunti moja ya huko kwa miaka kumi mfululizo. Kulipa ililipa, lakini kodi ya nani? Sheria ya mwaka 2004 ilifuta mgawo wa uzalishaji (haki ya kuzalisha na kuuza kiasi fulani cha tumbaku) uliokuwepo tangu miaka ya 1930, na malipo ya 2005 hadi 2014 yalikatwa kwa watengenezaji na waagizaji wa sigara, ugoro na kadhalika, kila robo mwaka, kwa kadiri ya sehemu yao ya soko. Serikali ilikuwa keshia tu. Kwa jumla ya miaka yote kumi, mwenye mgawo alipata dola 7 kwa ratili, mlimaji dola 3, na hizo 3 kamili ni kwa aliyelima misimu yote ya 2002 hadi 2004. Wa msimu mmoja alipata theluthi. Mgawo wa ratili 10,000 basi ni dola 70,000, yaani 7,000 kwa mwaka, na mwenyewe huenda hajawahi kushika jembe, alirithi karatasi akawa anaikodisha. Wapo waliouza haki hiyo benki wapate mkupuo, nayo benki ikakata riba yake. Kwa hiyo msiilinganishe na ruzuku ya mbolea ya huku kwetu. Mkulima wa tumbaku ya mvuke (inayokaushwa kwa joto la bani) wa Urambo, Tabora, akikopa pembejeo kupitia AMCOS, yaani chama chake cha ushirika, deni linakatwa juu kwa juu siku ya soko. Hivi bodi yetu ya tumbaku ikifuta makisio, yaani kiasi anachopangiwa kuzalisha, kesho, nani atamfidia?