Babu Alipewa Moyo wa Mwanariadha

Ukitaka ushauri wa bure hapa Mbeya, wala usimfuate mtu. Simamisha pikipiki kuukuu pale Mwanjelwa, chuchumaa kando ya injini, kunja uso kidogo. Kabla hujahesabu kumi wameshafika watano, na wa sita anawauliza hao watano wamesema nini.

Mimi ni mkaanga chipsi. Viazi navifuata mwenyewe Isyonje, kwa sababu vikishapita mikono ya madalali watatu, gunia linafika mjini na bei ya mbuzi. Usafiri wangu ni Honda CG125 niliyoachiwa na marehemu baba mdogo, aliyekuwa bwana shamba. Umeme wake ni volti 6. Usiku ile taa ya mbele haimuliki barabara, inawajulisha tu wenzangu kwamba kuna mtu anakuja naye anaitafuta barabara. Vijana wa bodaboda wanaiita Babu. Kila asubuhi, "Babu kaamkaje leo?" Mimi niliyelala na kikohozi wiki nzima, hakuna anayeniuliza.

Sasa baba mdogo, Mungu amrehemu, hakuwahi kumwaga oili kwa hiari yake. Aliamini oili ni kama ngozi ya mtu, unazaliwa nayo na unazikwa nayo. Na kumbe Wajapani walishamjua! CG125 ilitoka mwaka 1976, na iliundwa makusudi kwa nchi ambazo pikipiki inatumikishwa kama ng'ombe wa jembe. Kwenye pikipiki nyingi za Honda za siku zile kemshafti, ule mhimili wenye nundu unaofungua valvu (milango ya hewa na moshi), ilikaa juu kabisa, kichwani mwa injini, na oili ikichakaa yeye ndiye wa kwanza kulika. Wakaishusha chini karibu na kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikazungushwa na gia bila cheni, halafu fimbo mbili za chuma zikapanda juu kusukuma valvu. Hiyo kemshafti ina nundu moja tu. Moja! Inahudumia valvu ya kuingiza na ya kutoa moshi, zote mbili, kama mwalimu anayefundisha darasa la tano na la sita kwa wakati mmoja na chaki yenyewe kipande.

Wajapani walimpigia hesabu baba mdogo, lakini mlima wa kwetu nadhani hawakuupigia. Mji huu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (ile pampu ya kuisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua. Babu alizaliwa na nguvu za farasi kama 11. Fanya hesabu. Wawili walishukia Makambako. Waliobaki ndio wanaovuta mimi, gunia, na zile zawadi za ndugu ambazo watu wa Isyonje hawakuruhusu uondoke bila kuzibeba.

Ndipo akatokea fundi. Kijana, ovaroli safi (hii peke yake ingenishtua). Akasikiliza mlio, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mzee wangu, hii kemshafti ni ya mwendo wa mazishi. Ninayo ya mashindano. Nundu yake imeshiba, valvu inafunguka sana na inakaa wazi muda mrefu. Babu atakuwa mwanariadha."

Nikageuka kuwatazama washauri. Wale bodaboda wawili wakaafiki. Muuza mahindi ya kuchoma akaafiki. Kuna mtu alikuwa anapita na begi lake akiwahi basi la Tunduma, naye akasimama, akaafiki, akaondoka. Nikatoa elfu sitini.

Kwanza ulibadilika mlio. Zamani Babu akisimama ananguruma tu-tu-tu-tu, unaweza kulaza mtoto. Sasa ikawa tu-tu... tu... tututu... kimya... tu, kama mtu anayesoma barua ya madai kwa sauti. Fundi akasema ndiyo ishara ya nguvu. Nikaenda kuijaribu barabara ya Uyole, panapokaa tambarare. Mwanzoni hamna kitu. Nikavuta mafuta, hamna kitu. Nikavuta mpaka mwisho, injini ikapiga ukelele, na nyuma yangu ni kama mtu amenisukuma! Nilimpita bodaboda. Mimi! Tangu nirithi ile pikipiki, kitu pekee nilichowahi kukipita ni toroli la maji. Sitawadanganya, nilichekelea hadi meno yakaingia baridi, na baridi ya Juni ya huku mnaijua.

Kesho yake nikaenda kufuata viazi.

Kushuka mjini nilikuwa sijakufikiria, nilikuwa nafikiria nitampita nani. Lakini njia ya kutoka kule shambani hadi lami ni ya kupanda, ina utelezi, na ukungu siku hiyo ulikuwa mzito hata ng'ombe walikuwa wanagongana. Nyuma kuna lumbesa, na lumbesa si gunia, ni gunia lililovaa kofia. Nikapiga kiki. Mara ya nane akawaka. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu kama siku zote. Akakohoa, akazima. Nikawasha tena, nikaongeza mafuta kidogo. Kabureta ikapiga chafya, petroli ikanirukia gotini. Nikasema haya, kama anataka makelele nitampa makelele. Nikavuta mpaka ukelele, nikaachia klachi.

Gurudumu la mbele likaenda juu. Nikawa namtazama Mungu uso kwa uso, nimeshika usukani kama mtu aliyeshika pembe za dume, viazi vikivuta upande wa Tukuyu na mimi nikivuta upande wa familia yangu. Tulipotua, alikuwa amezima.

Mama mmoja mwenye tenga la kabichi kichwani akanipita. "Ndaga, baba."

"Ndaga, mama."

Nikasukuma. Nawasha, anakwenda hatua tatu, anazima, nasukuma. Nilipokaribia ile kona ya juu nikakutana naye tena. Anarudi. Tenga tupu, kabichi zimeshauzwa, kanunua na sabuni. "Ndaga, baba," akasema, safari hii kwa huruma.

Baadaye ndiyo nikaelewa kilichonipata. Ile nundu iliyoshiba inachelewa kuifunga valvu ya kuingiza. Injini ikikimbia haina neno, hewa inaingia kwa kasi kiasi kwamba hata mlango ukiwa wazi inaendelea kujaa. Ikienda polepole, pistoni inapanda na kuirudisha hewa ilikotoka, na petroli yake, ndiyo ile chafya. Hewa yenyewe ya huku haitoshi, tunaishi nayo kwa kubana matumizi, halafu unaishika mkono na kuisindikiza hadi nje.

Nikarudi kwa fundi. "Mzee wangu, kemshafti haina tatizo. Sasa inataka kabureta kubwa." Halafu inataka eksozi iliyo wazi. Halafu inataka pistoni ya kuongeza mgandamizo. Inataka, inataka! Ilikuwa kama kikao cha mahari, ukidhani mmemaliza ng'ombe, kumbe kuna blanketi la bibi. Na mimi, kichwa changu hiki, nilikuwa nimeshaanza kuuliza bei ya kabureta. Mke wangu ndiye aliyenikuta na karatasi ya hesabu.

"Baba Neema, wateja wanakula chipsi. Hawali mwendo."

Nikapelekwa (narudia, nikapelekwa) Uyole kwa fundi mzee asiyesema. Aliuliza maswali mawili tu.

"Unabeba nini?"

"Viazi."

"Una haraka gani?"

Nikafikiri. Viazi havina haraka. Akaniagiza nikalete kemshafti ya zamani.

Nikaikuta kwa yule kijana, inaning'inia. Alikuwa ameifunga kwa kamba kwenye ncha ya turubai la gereji, iwe uzito, upepo usilipeperushe. Kitu kilichotembea miaka yote ile chini ya baba mdogo bila kumwagiwa oili kinazuia turubai! Nilipomwambia naitaka alinitazama kwa masikitiko, kama mtoto aliyefaulu halafu akasema hataki shule.

Mzee wa Uyole alirudisha nundu yetu ile nyembamba, akapima nafasi ya tapeti, ule mwanya mdogo juu ya valvu, injini ikiwa ya baridi, milimita 0.08, kile kibati chake cha kupimia kikipita kwa kukwaruza kidogo tu. Akachomoa plagi, nyeusi kama sufuria ya kande, akasema Babu alikuwa anashibishwa petroli ya Dar es Salaam kwa hewa ya Mbeya. Akaweka jeti, kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta, ndogo zaidi. Mwisho akatoa spoketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, akafunga yenye jino moja pungufu, tuuze mwendo tununue nguvu. Basi. Jumla haikufika bei ya gunia.

Kwenye tambarare sasa napitwa na kila kitu, hata lile toroli la maji linanifikiria. Lakini juzi nimepanda kutoka kule shambani na lumbesa, gia ya pili, ukungu uleule, tu-tu-tu-tu, sikusimama hata mara moja. Yule mama nilimpita pale konani. "Ndaga, mama," nikasema, na nikasema polepole makusudi.

Jana nimepita kwa yule kijana. Ile kemshafti ya mashindano ndiyo inayoning'inia kwenye turubai siku hizi, na upepo ulikuwa mkali, na turubai lilikuwa limetulia kabisa.