Aliyerefuka ghafla si mvivu

Mwanangu akiwa na miaka 12 alikuwa akipiga danadana hamsini bila mpira kugusa chini. Mwaka uliofuata akarefuka ghafla, suruali zikamwishia juu ya vifundo, na danadana zikawa hazizidi nane. Akawa anagonga bega kwenye mlango aliopita tangu utotoni. Kocha wake akamwambia mbele ya wenzake kuwa siku hizi amekuwa mvivu. Alirudi nyumbani, akavua viatu vya mpira, akavisukuma chini ya kitanda. Wiki tatu hakuvigusa.

Bado inaniuma, maana mtoto hakuwa na kosa.

Wasichana wengi hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na miaka 11 hadi 12, wavulana kama miaka miwili baadaye. Wakati huo mvulana anaweza kuongeza sentimita tisa hivi kwa mwaka mmoja. Tena mwili haukui wote kwa pamoja: nyayo na viganja hutangulia, miguu hufuata, kiwiliwili huja mwisho. Ubongo ulishazoea kuupiga mpira kwa mguu wa urefu fulani, na sasa mguu si ule tena. Si kila mtoto huyumba kipindi hiki, lakini anayeyumba anahitaji muda wa kuuzoea mwili wake upya. Na akilalamika maumivu chini kidogo ya pia ya goti, msimwambie ajikaze. Pale ndipo kano ya misuli ya paja inapoushika mfupa wa muundi, na mfupa bado unakua.

Kinachonikera zaidi ni jinsi tunavyochagua timu. Weka watoto wawili wa miaka 13 pamoja: mmoja sauti imeshakuwa nzito na mabega yamepanuka, mwingine bado ana umbo la mtoto. Kocha atamchukua yule mkubwa, kwa kuwa leo ndiye anayeshinda mbio. Huyo atapata mazoezi, mechi na mtu wa kumrekebisha. Mwenzake atakaa benchi, kisha ataacha kuja. Baada ya miaka mitatu tutasema yule wa kwanza alizaliwa na kipaji, ilhali ni sisi tuliompa nafasi ya kujifunza na kumnyima mwenzake. Hata mwezi wa kuzaliwa una uzito wake: katika timu zinazopangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, wa Januari ana karibu miezi 12 zaidi ya wa Desemba, na katika umri huo miezi 12 ni mingi mno.

Wasichana ndio tunaowaonea zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku. Kwa takwimu zake za 2016, asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango cha kutosha, wavulana 78. Binti akishavunja ungo, huambiwa atulie, amekua. Kurusha, kudaka, kuruka na kujizuia usianguke ni stadi za kufanyiwa mazoezi, na asiyepewa uwanja atazipata wapi?

Usingizi nao msiudharau, kwa sababu ubongo huendelea kuimarisha mwendo mpya mtoto akiwa amelala. Na kama mtoto alihangaika na vifungo vya shati, kijiko na kalamu tangu mdogo, hilo si suala la kurefuka. Apelekwe kwa daktari.

Mimi na mwanangu tulianza upya kimyakimya: kusimama kwa mguu mmoja, kuruka kamba, kupigiana pasi fupi ukutani. Sikuhesabu chochote. Juzi jioni nilimsikia nje akihesabu mwenyewe kwa sauti, akafika thelathini na moja.