Shati Langu Limechujiwa, Msinihoji

Naomba kwanza niweke mambo sawa, maana kufikia jana jioni yalikuwa yameshasemwa mengi. Mimi sikununua shati la pinki. Nilinunua shati jeupe. Limekaa jeupe miaka miwili, likafuliwa, likapigwa pasi, likahudhuria vikao, na halikuwahi kumkera mtu. Juzi usiku likaingia ndoo moja na soksi nyekundu, tena soksi moja tu, na mnajua wenyewe soksi nyekundu mpya zilivyo. Ikachuja. Asubuhi nikakuta kambani kinaning'inia kitu ambacho kwa mtu mwingine ningekisifia.

Mashati mengine? Yameloweka kwenye ndoo ya pili. Na saa ilikuwa saa moja na robo. Nikajiambia, rangi ni rangi tu, nani ana muda wa kukutazama.

Kumbe watu wana muda. Mlinzi wa getini, ambaye kila siku hunidai kitambulisho kama vile hajawahi kuniona tangu azaliwe, jana alinipigia saluti: "Pita, bwana harusi." Kwenye lifti dada mmoja akanipongeza kwa kuwakumbuka wagonjwa wa saratani ya matiti, maana yeye akiona pinki anaona ule utepe. Sikuwa na moyo wa kumwambia ni soksi. Nikasema asante. Bosi alifungua mlango, akatazama, akaufunga.

Nikajificha chooni dakika ishirini na simu yangu. Hapo ndipo nilipoharibu siku, kwa sababu nilianza kusoma, na mtu aliyesoma dakika ishirini chooni ni hatari kuliko profesa.

Nikitoka tu, nikakutana na mzee wa uhasibu. Huyu ni mtu anayeweza kuona jumla isiyolingana kutoka mwisho wa ukumbi, akiwa ameipa mgongo. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kijana, hiyo ni rangi gani?"

"Nyeupe, mzee. Imepata ajali."

"Hiyo ni pinki."

"Ni nyekundu iliyochoka, mzee."

"Ni pinki. Na pinki ni rangi ya watoto wa kike, tangu dunia iumbwe."

Ningekuwa na akili ningepita. Lakini elimu ya chooni ilikuwa bado ya moto. Nikamwambia mzee, mwaka 1918 jarida moja la wauza nguo za watoto kule Marekani liliandika kinyume chake kabisa: pinki ni ya wavulana, kwa sababu ina nguvu na msimamo; bluu ni ya wasichana, kwa sababu ni laini.

"Marekani," akasema, kwa sauti ya mtu anayekata tarakimu kwa wino mwekundu.

"Ufaransa basi. Karne ya 18, waungwana wa ikulu walivaa makoti ya hariri ya pinki, yenye tarizi, na upanga kiunoni."

"Ndiyo maana wakapinduliwa."

Watu walishaanza kukusanyika. Nikaona nisishindwe mbele ya hadhara. "Mzee, kuna Giro d'Italia. Wanaume wanapanda milima kwa baiskeli wiki tatu, jasho na damu, na tangu 1931 anayeongoza huvishwa jezi ya pinki. Wanaigombania!"

"Wanaigombania, au wanasukumiana?"

Hapo nikatoa silaha niliyokuwa nimeiweka akiba. Nikasogea karibu, nikashusha sauti. "Mzee. Gazeti la Financial Times. Gazeti la wenye mabenki, la mahesabu, la watu kama wewe. Linachapishwa kwenye karatasi ya pinki. Tangu mwaka 1893."

Kimya. Nilimwona kabisa akitafuta hesabu ya kulipinga. Akavua miwani tena.

"Ile si pinki," akasema polepole. "Ile ni karatasi iliyokaa juani."

Miaka mia na zaidi, juani! Kabla sijajibu, kijana wa kompyuta akadakia kwamba kitaalamu pinki haipo. Itafute kwenye upinde wa mvua, hutaiona; hakuna wimbi moja la mwanga lililo pinki, ni nyekundu iliyochanganyika na nyeupe, halafu ubongo unajitungia. Kwa hiyo katika dakika moja nikaambiwa na watu wawili wenye elimu kwamba shati langu ni la kike, na kwamba halipo. Chagueni moja, jamani. Kama halipo, mbona mnalitazama?

Dada wa mapokezi, ambaye ana roho nzuri, akajaribu kutuliza. Akasema amewahi kusoma kwamba mwaka 1979 gereza moja la jeshi la majini huko Seattle lilipaka chumba cha mahabusu rangi ya pinki, na wafungwa wakorofi wakawa wapole. Ni kweli, ilisemwa hivyo, na rangi yenyewe ikapewa jina la maofisa wawili wa pale, Baker na Miller. Baadaye wengine walipopima kwa makini, upole ule hawakuuona. Mimi ningewaambia bure. Nilisimama na pinki yangu mbele ya mzee wa uhasibu nusu saa nzima, na kadiri alivyoitazama ndivyo alivyopandisha.

Halafu kuna yule Mwingereza, Mountbatten, ofisa wa jeshi la majini, aliyepaka meli za kivita pinki wakati wa Vita vya Pili ili adui asizione alfajiri na magharibi. Meli nzima! Inajificha baharini kwa pinki, na mimi nashindwa kujificha nyuma ya mashine ya fotokopi.

Basi nikaendelea kubishana kwa adabu, mikono nyuma, kama waziri anayejibu maswali. Mpaka mzee akasema, "Mwanaume anapaswa kuwa na sababu ya kuvaa hiyo rangi."

Hapo adabu ikanitoka. Sababu? Mbona bluu haidaiwi sababu? Mtu anavaa bluu Jumatatu mpaka Ijumaa na hakuna anayemwuliza bluu yako inamaanisha nini, unamuunga mkono nani, umeachwa au umeoa. Ni pinki peke yake inayoitwa kujieleza. Mvishe mtoto, ameshapangiwa midoli. Mvishe mzee, anaulizwa kama yuko sawa. Paka kwenye wembe, bei inapanda, na chuma ni kilekile, ukali uleule! New York mwaka 2015 idara ya jiji ilikaa ikalinganisha bidhaa karibu 800, ikakuta za wanawake ni ghali zaidi kwa wastani wa asilimia 7. Na wapo wanaume ambao katika kambi za Wanazi walishonewa pembetatu ya pinki kifuani, ili kila anayewatazama ajue wameletwa pale kwa kosa la kupenda wanaume wenzao, na wengi hawakutoka hai.

Nikanyamaza. Hata mimi sikuwa nimekusudia kufika huko. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, mashine ya fotokopi tu ndiyo iliyokuwa inaguna. Dada wa mapokezi akaniletea maji. Mzee akarudi kwenye vitabu vyake bila neno. Baadaye nilimsikia anamwuliza kijana wa kompyuta, chini chini, kama hilo gazeti linaonekana kwenye simu.

Na jina lenyewe la rangi ni la kuazima. Sawa, Kiswahili chetu kina tabia hiyo: kijani kimetoka kwa jani, kijivu kwa jivu, zambarau kwa tunda. Lakini haya majani na majivu angalau yanajulikana rangi yake. Sisi tunasema rangi ya waridi, wakati waridi lipo jeupe, lipo la njano, lipo jekundu kama soksi niijuayo mimi. Waingereza nao wakaita pinki kwa jina la ua, tena ua jingine kabisa.

Heroe wana bahati. Huzaliwa wa kijivu, wakageuka pinki kwa kula mwani na vijidudu vya majini, na watu hufunga safari na kamera kwenda kuwatazama. Hakuna heroe aliyeulizwa sababu.

Jioni kijana wa kompyuta akanifuata kando, akaniuliza nilinunua wapi, kwa sababu nyuzi za mshono zimebaki nyeupe na shati linaonekana limebuniwa makusudi. Ni uzi wa poliesta tu, haushiki rangi. Nikamwambia ni toleo maalumu.

Kinachonisumbua sasa ni soksi. Soksi huuzwa mbili. Juzi kwenye ndoo ilikuwa moja, na nimepekua chini ya kitanda, kwenye viatu, kwenye begi. Ya pili haipo. Haiwezi kuwa mbali, nakumbuka nilizivua zote mbili pamoja, moja nikaitupia ndoo hii, nyingine nikai…

Ngojeni kidogo. Niletee tochi mtu.