Mwenyeji mie, anaejua shemegi

Hivi nyie mgeni akija kwenu mnampeleka wapi? Mie nilishajipanga, jioni Forodhani tukale urojo, utalii umekwisha. Kumbe shemegi yangu katoka Mwanza na lake moyoni. Begi hajalitua ananambia shem, nataka kwenda kwa Freddie Mercury. Nikadhani kuna mtu anamdai.

Kumbe ni yule mwimbaji wa Queen, bendi ya Uingereza. Penyewe pako Shangani, barabara ya Kenyatta, makumbusho toka 2019 na mie napita na baskeli kila siku ya Mungu, sijatia mguu hata mara moja, nani anaingia makumbusho ya mtaani kwao? Lakini mgeni ni mgeni, nikatoa pesa za tiketi mbili huku roho inaniuma.

Humo ndani nikasema nisionekane bwege. Kuna picha yake mtoto, jina la kwao Farrokh Bulsara, Mparsi, mzaliwa wa hapa hapa 1946. Nikajikohoza, nikasema huyu bwana kacheza sana mpira na babu yangu pale Mnazi Mmoja. Shemegi akatulia, unaona kabisa anapiga hesabu. "Shem, huyu kapelekwa skuli ya bweni India na miaka minane, na jana si umenambia babu yako kaoa kabla ya Vita ya Pili?" Nikajifanya nasoma maandishi ukutani.

Toka hapo mie sikufungua mdomo na yeye hakuufunga. Queen ilianza 1970 London, mara familia ya Freddie ilihama Unguja 1964 baada ya Mapinduzi, mara mpiga gitaa Brian May alitengeneza gitaa lake mwenyewe na babaake, shingo yake mbao kuukuu ya jiko la kuotea moto. Mbao ya jikoni yakhe! Mie mlango wa kabati umeng'oka toka Ramadhani na sijaurudisha, namshukuru Mungu mke wangu hakuwepo kusikia. Eti Freddie alikuwa na meno manne ya ziada, akakataa kuyang'oa anaogopa sauti itaharibika. Mie nimeng'oa mawili na sauti iko vile vile, mbovu.

Kisha akanitia hedifoni za simu yake nisikilize ule wimbo wao mrefu wa 1975, Bohemian Rhapsody. Nimeanza kusinzia mara nasikia mtu anaimba Bismillah, wallahi mkono wa kulia ukajikunja wenyewe unatafuta sahani, maana saa saba ilishapita na sina kitu tumboni.

Tunatoka nje, kamera yake kanitundika mie shingoni na kofia ya ukili kanivisha eti asiibebe mkononi. Hatujafika kona papasi mmoja, hawa vijana wanaowinda watalii njiani, ananijia mbio, meno yote nje. "Jambo! Karibu Zanzibar! Spaisi tua?"

Nikamwambia yakhe, mie wa Kikwajuni.

"Hakuna matata, Kikwajuni pia tunapeleka."